Hayat na Mawe ya Gari

Hayat binti Djibril anatengeneza betri za magari hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, nyuma ya nyumba yangu. Baba yake alikuwa fundi wa injini. Alipofariki, watu walisema karakana itafungwa. Haikufungwa. Hayat alitoa injini nje, akaingiza meza, mita na glovu nene za mpira.

Mi shule sikwenda. Herufi alinifundisha marehemu mke wangu, Zubeda. Haya yangetakiwa ayaandike yeye, maana ndiye aliyempenda sana huyu binti.

Mafuta yalipokuwa haba, Rénovat wa Gasenyi alinunua gari ya umeme iliyotumika, afanye teksi. Ana watoto wanne, kazi nyingine hana. Baada ya miezi sita gari ikawa inazimika kabla ya saa sita mchana. Akaileta kwa Hayat.

Hayat alifungua sanduku la betri. Ndani vipande vimepangwa kama vitabu. Akapima kimoja kimoja. Vinne vilikuwa vimechoka. Akavitoa, akaviweka kivulini, akaenda kuswali adhuhuri.

Rénovat akaniuliza, "Mzee, haya mawe yakichoka mnafanyaje?"

Betri za redio sisi tunaziita mawe. Zubeda alikuwa anayaanika juu ya bati, redio inasema tena siku mbili. Nikamwambia ayaanike. Akayaanika.

Hayat alirudi, akaona. Hakupiga kelele. Alivaa glovu, akayatoa juani polepole. Moja lilikuwa limefura. Akalipeleka mbali, akaliweka kwenye ndoo ya mchanga.

"Nani kafanya hivi?"

"Mi," nikasema.

"Apana, ni mi," akasema Rénovat.

"Basi mumefanya wawili. Baba, haya si ya redio. Joto ndilo limeyachosha tangu mwanzo, na we Rénovat kila siku unachaji mpaka juu."

"Dada, nitilie mapya ya aina hii hii. Nataka nifike Gitega bila kusimama."

Fundi mwingine angemtilia, kazi ikaisha. Hayat alivuta kigoda, akakaa.

"Haya yana nikeli. Ni mepesi, yanakwenda mbali, lakini joto la Buja linayala. Kuna mengine ya chuma. Ni mazito, na kwa sanduku hili utapata kilomita mia, labda na kidogo. Lakini joto yanavumilia, na kuyajaza mpaka juu hakuyaumizi. We ni teksi ya mjini. Gitega umekwenda mara ngapi?"

Rénovat akafikiri. "Mara moja. Kwenye kilio."

"Mara ya pili panda basi."

Nilicheka. Tangu nimzike Zubeda nilikuwa sijacheka.

Rénovat akakubali sanduku lote libadilishwe. Mawe ya chuma yalifika bandarini na meli ya Kigoma, wiki ya tano. Wiki zote hizo Rénovat alikuwa anabeba magunia sokoni. Hayat alifanya kazi siku tatu. Alibadilisha hata kile kidude kinacholinda chaji, maana cha zamani kilizoea mawe ya nikeli tu. Kila jiwe alilipima mara mbili, na hakuna mutu aliyemwambia apime mara mbili.

Siku ya kwanza Rénovat alizunguka toka alfajiri mpaka magharibi. Alirudi chaji ingali robo. Alimshika Hayat mkono kwa mikono yake miwili.

Juzi nilimuona Rénovat mtaa wa Nyakabiga, gari imejaa abiria. Nilimpungia mkono asimame. Hakusimama, alikuwa kazini.