Maneno Niliyomfundisha Mama

Omena, wale dagaa wa ziwani, ikinyeshewa kabla haijakauka hutoa harufu isiyofanana na kitu kingine. Si ya samaki mbichi, wala si ya samaki aliyeoza. Ni harufu nzito, chachu, inayoingia mpaka kwenye foronya za mto. Majuzi nilipita nyuma ya soko la Kondele, mvua ndiyo kwanza imekatika, mama mmoja akafunua turubai lake, harufu ile ikanipiga usoni. Nikasimama pale pale. Mjukuu wangu, ambaye huniita Dani, yaani nyanya, akaniuliza, "Dani, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Lakini ninyi mnaosoma nitawaambia ukweli: nilishtuka. Nimezeeka, nimezika watu, nimeona mengi, na bado harufu ile hunishtua, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa mikononi mwangu siku nilipomponza mama yangu.

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nane, na mtaona kwa nini. Lakini majina siyasahau. Wasichana niliokuwa nikiruka nao kamba pale Dunga, ufukweni kwetu, walikuwa Pamela Adhiambo, Rose Anyango, na Jenifa wa kwa fundi cherehani, ambaye hakuwahi kuruka zaidi ya mara sita bila kujikwaa. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mwalimu Wekesa, Mluhya mrefu, mpole wa sauti, mkali wa fimbo. Mama yangu ufukwe mzima walimwita Min Akoth, yaani mama yake Akoth, kwa sababu Akoth ni mimi, mtoto wake wa kwanza.

Kiswahili kilikuwa kimeingizwa kwenye mtihani wa darasa la nane, nasi watoto wa ziwani tulikiona kama mgeni aliyehamia kwetu na mizigo yake yote. Nyumbani tulisema Dholuo. Sokoni tulikuwa na Kiswahili chetu cha kuuzia samaki: hii bei gani, ongeza kidogo, wacha basi, peleka. Mwalimu Wekesa akatuambia mtihani hautaki Kiswahili cha samaki. Unataka visawe.

Basi kila siku kabla ya kutoka shule alituandikia ubaoni maneno kumi. Kazi yetu ilikuwa kulitafutia kila neno mwenzake wa maana ile ile, kisha kuyasema yote kumi nyumbani mbele ya mzazi. Mzazi akishasikia, anatia sahihi. "Asiyejua kuandika aweke kidole," Mwalimu alisema. Kwetu hapakuwa na wino. Mama alipitisha dole gumba kwenye masizi ya sufuria na kulibandika chini ya maneno yangu, akaitazama alama ile kwanza, akaipuliza, ndipo akanirudishia karatasi. Karatasi zenyewe nilizikata kwenye mifuko ya saruji.

Tulifanya hivyo ufukweni, saa za kuzoa omena, jua likiwa limelegea. Mama aliinama na kuzoa kwa viganja kutoka kwenye nyavu tulizotandaza, mimi nikiwafukuza ndege weupe huku nasema maneno.

Sasa sikieni uovu wangu. Kamusi ilikuwa moja tu, juu ya meza ya Mwalimu, na mwenye kuitaka alipaswa kubaki shuleni baada ya kengele. Wakati huo wenzangu wako kwenye kamba! Nikajiuliza: mama ajue nini? Hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha bei na kipimo. Nikawa natoka na wenzangu, naruka kamba mpaka nguo inalowa, halafu mbele ya mama nachukua neno lolote nene nililowahi kulisikia darasani, nalipachika.

"Mwaminifu?" nasoma mwenyewe kwa sauti. "Laghai."

"Laghai," mama anarudia, mikono iko kwenye omena.

"Hodari? Goigoi."

"Goigoi. Hilo tamu."

"Msafi? Mchafukoge."

"Ngoja. Mcha nini?"

"Mchafukoge, Mama."

Alilirudia lile mara nne mpaka likakaa mdomoni, kisha dole gumba likaenda kwenye masizi. Asubuhi nilikimbia kwa Pamela, mtoto wa watu aliyebaki na kamusi, nikanakili majibu ya kweli kabla Mwalimu hajaingia. Sikupigwa hata siku moja. Nilijiona mjanja kupita wote.

Mama alikuwa akirudia kila neno, na mimi nilidhani anafanya mchezo. Kuna siku nilimkuta amesimama peke yake, uso umeelekea ziwani, midomo inacheza. Nikamuuliza, "Mama, unaomba?" Akasema, "Ndiyo, nyathina," yaani mtoto wangu, akaendelea na kazi.

Muhula wa mwisho ulipoanza, shangazi Dorka akaja kututembelea. Ni mdogo wake mama, lakini sisi tulimwita shangazi kwa mazoea tu. Yeye alifua nguo katika shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Maseno. Akasema jikoni kwao mpishi amestaafu, nafasi iko wazi, na mtoto wa mfanyakazi husoma pale bila kusumbuliwa kwa karo. Mimi nilikuwa namenya viazi. Kisu kilisimama. Sekondari! Baba alikuwa amefariki mwaka niliokuwa darasa la saba, na kwa omena peke yake sote tulijua safari yangu ilikuwa inafika wapi.

"Lakini dada," Dorka akasema, "Bi. Mkuu wetu si wa huku. Dholuo hasikii hata neno. Na anapenda mtu wa kujieleza."

Mama akatabasamu. "Mimi nitajieleza," akasema. "Nina maneno."

Sikuelewa. Walahi sikuelewa.

Siku ya mahojiano nilichukuliwa nimshike mdogo wangu Awuor, aliyekuwa bado ananyonya. Alfajiri tulikuwa tumeokoa omena iliyonyeshewa, tukaondoka harufu imetuganda mikononi, japo mama alijisugua kwa ndimu na majani mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alivaa gauni lake la kanisani, la rangi ya samli. Tulipofika, mama na Dorka waliingia ofisini, mimi nikakaa kwenye nyasi chini ya dirisha, Awuor mapajani. Dirisha lilikuwa la chini, tena wazi. Niliona meza, Bi. Mkuu na miwani yake, na wazee wawili wa kamati.

"Karibu, Mama," Bi. Mkuu akasema. "Tuambie wewe ni mtu wa namna gani."

Mama akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Akakunja mikono mbele kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Bi. Mkuu, na ninyi wazee," akaanza, polepole, kila neno akiliweka chini kama sahani. "Mimi ni mama laghai sana."

Jamani. Wiki ile ile Mwalimu Wekesa alikuwa ametufundisha maneno ya kinyume. Nilikuwa nimeshajua laghai ni nani.

"Kazi, mimi ni goigoi," mama akaendelea. "Asubuhi goigoi, jioni goigoi, hata nikiwa mgonjwa. Na jikoni mimi ni mchafukoge. Njooni kwangu mkaone sufuria zangu."

Kisha mzee mmoja akakohoa, na kile kikohozi kikageuka kicheko, akajificha kwa kofia. Mwenzake akafuata. Bi. Mkuu hakucheka.

"Mama, unasema wewe ni laghai?"

"Ndiyo, Bi. Mkuu. Tangu utoto. Mama yangu pia alikuwa hivyo, Mungu amlaze."

Shangazi Dorka, naye Kiswahili chake ni cha sabuni na ndoo, alikuwa akitazama huku na huku asijue wanacheka nini.

"Nani alikufundisha Kiswahili hiki?" Bi. Mkuu akauliza.

Na mama, enyi watu, akageuka dirishani na kuninyooshea mkono, uso wote umefunguka. "Ni msichana wangu yule. Anamaliza darasa la nane. Kila siku ananifundisha maneno kumi."

Niliitwa ndani. Nikaingia na Awuor mgongoni, harufu yangu ikaingia pamoja nami. Nilimwona mzee wa kofia akivuta pumzi. Bi. Mkuu akavua miwani. Sauti yake haikuwa mbaya. Leo najua alikuwa akinifungulia mlango.

"Eti wewe ndiye mwalimu wa mama. Hebu tuambie, binti. Laghai ni mtu gani?"

Nilikuwa nalijua jibu. Lilikuwa limesimama kwenye ulimi, zima zima. Ningelisema, wangejua kosa ni langu, mama angetolewa aibu, pengine wangemwambia akae, wamuulize upya kwa maneno mepesi. Lakini mama alikuwa ananitazama. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuna mtu amenitazama tena, si mume wangu, si watoto wangu. Nikiyasema ya kweli, atajua kila kitu: kamba, Pamela, masizi yote yale aliyobandika bure.

"Ni mtu mwaminifu," nikasema.

Nilijisikia nikisema, nikashtuka, kama vile mtu mwingine amezungumza kwa kinywa changu. Bi. Mkuu akarudisha miwani, akafunga faili.

"Asanteni. Mama, tutakujulisha."

Nje, mama aliniuliza walikuwa wanacheka nini. Nikamwambia wamefurahi. Akaniambia nikamtafutie Awuor maji bombani, naye akabaki getini na shangazi Dorka. Niliporudi walikuwa wamenyamaza wote wawili. Tukaenda zetu. Njia nzima mama alimbeba Awuor yeye mwenyewe, hakusema kitu, nami nilijua amechoka.

Hawakumjulisha. Dorka alileta habari kwamba ameajiriwa mama mwingine, kwa vile Bi. Mkuu alisema mpishi akianza kuchekwa na wasichana siku ya kwanza, jikoni hapatatawalika.

Lakini kilichonishangaza mimi ni jioni iliyofuata ile ya mahojiano. Tulikuwa kwenye nyavu, karatasi yangu mkononi, na safari hii nilikuwa nimebaki shuleni na kamusi mpaka Mwalimu akafunga ofisi. Kabla sijafungua mdomo, mama akasema, "Tuanze na ya zamani. Laghai?"

Nikaona Mungu amenihurumia. Nikasema harakaharaka, "Mama, hilo limerekebishwa. Laghai ni mtu mdanganyifu."

"Kumbe," akasema. "Na goigoi?"

"Mvivu."

"Kumbe. Na lile refu?"

"Mtu mchafu, Mama."

Alizoa omena viganja viwili, akamimina guniani. "Sawa. Sasa niambie lile la mwaminifu."

"Mwadilifu."

"Mwadilifu," akarudia. Akaweka kidole.

Kesho yake akaanza tena na laghai. Na kesho kutwa. Kila jioni mpaka mtihani ulipofika aliniuliza neno lile kwanza, bila ukali, bila kunitazama, nami kila jioni nilimjibu na kushukuru moyoni kwamba mwanamke huyu hajui kitu. Sikurudi kwenye kamba tena. Nilifaulu vizuri, Kiswahili kuliko yote, nikawapita hata akina Pamela. Barua ya kunialika sekondari ilikuja, ikakaa juu ya kabati mpaka ikageuka manjano. Mwaka mpya nilikuwa nimeinama kwenye nyavu kando ya mama.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa na watoto wangu watatu, shangazi Dorka alikuja kutusaidia siku ya mavuno makubwa ya omena. Tumekaa tunachambua, yeye akaanza kucheka peke yake. "Akoth, unakumbuka siku ile ya laghai?"

Nikaacha kuchambua. "Ulijuaje?"

"Si yule mzee wa kofia? Alitoka akinifuata getini, akanieleza kwa Dholuo, maneno yote matatu. Mama yako yuko pale pale. Wewe ulikuwa umeenda bombani."

"Mama alisikia?"

"Alisikia kila kitu. Mimi nilikuwa nataka kukukamata masikio pale pale. Akanishika mkono, akasema, 'Nyamaza, Dorka. Mtoto ana mtihani.'"

Nikageuza shingo. Mama alikuwa hatua chache tu kutoka tulipokaa, mgongo umeanza kupinda, anazungumza na mnunuzi kutoka Nairobi aliyekuwa akitia shaka uzito wa gunia. Naye alimjibu kwa Kiswahili kilichonyooka, kila neno mahali pake: "Fungua mpaka chini, bwana. Mimi ni mwadilifu. Laghai mtafute kwingine."

Hakugeuka kunitazama. Sijui kama alijua namsikia.

Nilikuwa nimedhani kwa miaka yote ile kwamba mimi ndiye niliyetunza siri, nikambebea mama asiumie. Kumbe alikuwa ameibeba yeye, jioni baada ya jioni, akiniuliza neno lile na kungoja. Sasa najua alichokuwa anangoja. Si maana ya neno; maana alikuwa nayo tangu getini. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema, "Mama, nilikudanganya," na nafasi ile alinipa kila siku mpaka mtihani ukaisha, nami kila siku nilimpa kisawe.