Cheni Iliyokaza

Pikipiki ile ilikuwa ya kazi, nami ndiye niliyekabidhiwa. Nilikuwa mchanjaji wa watoto. Kutwa napanda na kushuka vilima na boksi la barafu nyuma, jioni narudi nyumbani kwetu Gatsata. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hakujua kuendesha hata baiskeli. Kwa hiyo Jumapili tulipokwenda kumwona mama yangu Kabuga, mimi nilikaa mbele, binti yetu wa miaka sita katikati, na Mwalimu nyuma, kofia mkononi. Majirani walipiga vigelegele: "Bwana harusi anabebwa!" Yeye aliwapungia mkono. Mimi ndiye niliyekasirika.

Mwanzoni mwa mwaka 1994 pikipiki ikaanza kushtuka. Inakwenda vizuri, halafu inavuta mbele ghafla, inajizuia, inavuta tena, kama mbuzi anayekokotwa sokoni. Nyayo zangu zilitetemeka hadi zikafa ganzi. Ajabu yake, nikiwa peke yangu kazini haikuwa na neno. Jumapili tukipanda watatu, inarudia.

Ungekuwa wakati mwingine ningeinung'unikia tu. Lakini tulikuwa tumekwisha kukubaliana, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, kwamba shule zikifungwa kwa Pasaka tutakwenda kwa mama Kabuga, na kutoka hapo tutaendelea mashariki mpaka Tanzania kwa shangazi yangu. Sote watatu, kwa pikipiki hiyo hiyo. Kuhusu mali ya watu, nilijiambia watanifunga nikirudi. Basi hatukulitaka, maana basi likisimamishwa kila mtu anashushwa na kitambulisho chake. Changu kiliandikwa Mhutu, chake Mtutsi. Mtoto alikuwa bado hana, lakini kwetu mtoto huhesabiwa kabila la baba yake.

Nikaifanyia pikipiki uganga wangu mwenyewe. Nilisafisha kabureta, nikabadili plagi, nikalaumu petroli ya kupimwa kwenye chupa. Jumapili moja, tukiteremka kuelekea Nyabugogo, nilizima injini kabisa nikaiacha ishuke yenyewe. Ikashtuka vilevile. Nikajua basi, injini haina kosa; ugonjwa uko nyuma, kwenye cheni au gurudumu.

"Ni wewe," nikamwambia Mwalimu. "Unajitikisatikisa huko nyuma."

"Mimi nimekaa kama gunia, muganga," akasema. Ndivyo alivyoniita akitaka kunichokoza.

"Basi gunia limezidi uzito."

Alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa mbele yetu niliiona bariyeri, magogo mawili na vijana wenye mapanga viunoni, na juma lililotangulia haikuwapo pale. Kwenye bariyeri ilikuwa lazima kushuka na kuisukuma pikipiki kwa mkono. Niliisukuma, ikateleza laini, haikukwama hata kidogo. Mimi walinirudishia kitambulisho bila kukitazama sana. Cha Mwalimu kilipita mkono hadi mkono. Mmoja wao akamwuliza anafundisha wapi, mwingine akauliza anakaa wapi, akarudia jibu polepole kama anayejifunza kwa moyo. Binti yangu alijikojolea akiwa amesimama. Tuliporuhusiwa na kupanda, pikipiki ilishtuka vibaya, na mmoja akaita nyuma yetu, "Hiyo moto yenu haitafika mbali!", maana kwetu pikipiki huitwa moto. Wenzake wakacheka.

Njia nzima nilisikiliza cheni ikilia chini yetu. Niliogopa itakatika mbele ya bariyeri nyingine, jioni, tukiwa tunarudi.

Jumatano alasiri tukaenda sote watatu Gikondo, kwa fundi mmoja mzaliwa wa mtaa wa Biryogo, Mwislamu mtu mzima, aliyekuwa na gereji nyuma ya maghala. Nilimweleza yote, kwa kirefu, pamoja na kabureta na plagi, nikitaka ajue kwamba najua. Alinisikiliza huku akizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole.

"Cheni nani alifunga?" akauliza.

"Mimi."

"Ulifunga wapi?"

"Nyumbani. Niliisimamisha kwenye stendi yake."

"Hakukuwa mtu juu?"

"Mtu wa nini?"

Akamtazama Mwalimu, wakacheka wanaume wale wawili. "Mama, wewe ulifunga cheni bila watu," akasema fundi. "Bila watu iko nzuri. Watu wakikaa, nyuma inashuka, cheni inakaza. Na hii imezeeka, imevutika upande mmoja tu. Pale kwenye kukaza, ndo inashtuka."

Mganga hajigangi. Wiki tano nimemlaumu mume wangu kwa kosa la mikono yangu. Nilitaka kumwomba radhi pale pale, lakini kiburi kikanizuia, nikasema tu, "Haya, ilegeze."

"Nilegeze kwa watu wangapi?"

Akatueleza, bila haraka, akituonyesha kwa kidole. Cheni mpya hakuna mjini tangu vita vifunge barabara ya kaskazini. Kwa hii kuukuu nafasi ni ndogo. Akiilegeza ya watatu, siku wakipanda wawili itaruka meno na kutoka. Akiifunga ya wawili, watatu wakipanda itakaza mpaka ikatike. "Kwa hiyo kaeni kama mtakavyosafiri," akasema, "nipime."

Nikakaa. Mwalimu akamnyanyua binti yetu akamweka nyuma yangu, akaizungusha mikono midogo ya mtoto kiunoni mwangu. Halafu akachukua boksi langu la chanjo, alilokuwa amelipakata njiani, akalifunga kwa mpira pale anapokaa yeye. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Panda," nikamwambia.

"Nitafuata shule zikifungwa."

"Hatukusema hivyo. Panda!"

Akasogea karibu, akanena chini kwa chini ili mtoto asisikie. "Umewaona wale wa bariyeri. Nikiwa nyuma yako, wanakuuliza mimi ni nani na huyu ni wa nani. Nisipokuwepo, wewe ni nesi na mtoto wake. Mnapita."

Nilimtukana. Nasema kweli, nilimtukana mbele ya fundi, nikamwita mwoga, neno ambalo lilikuwa halimstahili hata siku moja. Fundi alikuwa amechuchumaa na spana mkononi, macho yake kwenye cheni. Alingoja nimalize.

"Mama," akasema, "moto ni yako. Wewe sema. Wawili ao watatu?"

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameinama akimfunga mtoto kamba za kiatu, uso hakuuinua. Nilifikiri juu ya magogo yale mawili, na yule kijana aliyekuwa akirudia anapokaa mume wangu. Nilifikiri juu ya gauni la binti yangu lililolowa. Nikasema, "Wawili."

Fundi akailegeza cheni kidogo, akakaza nati. Tukauzunguka uwanja wa gereji mara mbili, mimi na mtoto, na pikipiki ikaenda laini, nyayo zangu hazikutetemeka tena. Mwalimu akampa fundi mkono kwa furaha, kana kwamba ndiye aliyepona. Ijumaa tukaondoka wawili, tukapita bariyeri nne, na hakuna aliyeniuliza mtoto ni wa nani. Nilimngojea Mwalimu kwa mama, kule Kabuga, hadi Pasaka ikapita. Mji ulipolipuka kwa mauaji, mama akatusukuma tuvuke mpaka bila yeye, nikaendelea kumngojea mume wangu Tanzania, nikimwuliza kila aliyevuka kutoka Gatsata. Hakuja. Ndugu zangu hunifariji kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kubaki. Nawaacha waseme. Lakini fundi hakumwuliza yeye, aliniuliza mimi, nami nilijibu.