Saa ya Mashine

Kompyuta ya ofisini kwetu Dar es Salaam ilijaza chumba kizima, na kila ikizimwa ilisahau yote isipokuwa kumbukumbu zilizokuwa kwenye kanda. Ukiiwasha ilibidi uichapie upya: leo tarehe ngapi, sasa saa ngapi, kanda ziko ngapi, karatasi ina upana gani. Usipoiambia haikuulizi, inafuata mambo iliyotoka nayo kiwandani. Niliacha shule kulea wadogo zangu wazazi walipofariki, na hakuna hata mmoja wao aliyenichosha kwa kurudia maneno kama mashine ile.

Jumamosi moja mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Bagamoyo, baada ya sala ya alasiri. Baba hakuacha ndugu wa kiume. Walii wa kumwozesha nilikuwa mimi, na bila mimi hapakuwa na ndoa. Nilipewa ruhusa ya kutoka adhuhuri, niwahi basi.

Kabla ya adhuhuri umeme ukakatika. Uliporudi, mwenzangu akaiwasha mashine. Kila tulichotaka kuandika kwenye kanda ikakikataa.

"Umeiambia saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa tano na nusu. Si hiyo hapo ukutani?"

"Hiyo ni saa yetu, bwana. Yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane. Sasa inadhani ni alfajiri, na kazi ya asubuhi inaiona ya saa ambazo hazijafika."

"Basi nayo ijifunze Kiswahili."

Mkuu wetu akasema hatoki mtu mpaka ikubali. Nikamkumbusha ndoa.

"Bwana harusi hakimbii," akasema.

Nikaizima, nikaiwasha, nikaiambia saa ya kwao. Kwa haraka nikasahau idadi ya kanda. Haikusema neno, ikaanza kutafuta kanda tusizokuwa nazo, ikagoma. Nikaizima tena, nikaanza tangu tarehe. Ilipokubali, basi lilikwisha kuondoka.

Nilidandia lori la saruji hadi Kerege, kisha nikapata gari la mkaa. Nilifika jua linakaribia kuzama. Shehe alikuwa bado amekaa mkekani, na wazee wa upande wa mume hawakunitazama.

Kutoka chumba cha ndani nikamsikia mdogo wangu: "Shikamoo, kaka. Alasiri ya huko kazini kwenu ndiyo hii?"

Nikanawa vumbi la saruji, nikakaa mbele ya bwana harusi, nikampa mkono.