Pongo kwenye Foronya

Wivu wangu mkubwa wa ujana haukuhusu msichana. Ulimhusu mama mmoja mjane wa Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, aliyeweza kuchora ua kwenye kitambaa kwa kipande cha sabuni bila kufuta hata mara moja.

Mimi nilihitaji karatasi. Niliacha shule darasa la tatu, nikazurura Mbeya, na kwa muda nilifagia duka la fundi cherehani mmoja. Ndiko nilikoona ufundi ule: unachora maua kwenye karatasi, unatoboa kila mstari kwa sindano, vitundu vimekaribiana kama vya chujio, halafu unailaza karatasi juu ya kitambaa na kuipaka bluu ya kufulia iliyosagwa. Ukiinua karatasi, ua limebaki kwenye kitambaa kwa vitone vya bluu, linangoja uzi. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama tu, huku nikifagia palepale nilipokwisha kufagia. Nilipoona najua vya kutosha nikatoboa karatasi zangu mwenyewe, nikazikunja kama mkeka mdogo, nikapanda lori la Iringa, kwa sababu sikuwa nimewahi kufika Iringa.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, na kila nyumba iliyojiheshimu ilikuwa na vitambaa vya kudarizi mezani na kwenye migongo ya viti. Lakini vilivyotazamwa kuliko vyote vilikuwa foronya za bibi harusi. Siku chache kabla ya ndoa, wanawake wa upande wa bwana harusi walikuja kuonyeshwa vyombo, foronya zikatandazwa mkekani moja baada ya nyingine. Aliyezichora ndiye mtaa mzima uliyemtafuta mpaka harusi nyingine.

Nilipanga chumba kwa mama aliyekuwa anamwoza binti yake kwa watu wa Ilula. Foronya nne. Nilitaka kuzichora mimi, si mtu mwingine.

Mjane ndiye aliyeitwa kwanza. Nilikaa nje ukutani nikitoboa karatasi, masikio yangu yako ndani.

“Nichore nini, mwenzangu?” aliuliza.

“Mnyama. Binti anataka mnyama, si maua. Maua kila mtu anayo.”

“Basi ningoje kwanza. Mnyama simchori kabla sijajua wakwe zako wana mwiko gani. Tuma mtu Ilula akaulize.”

“Harusi imekaribia, jamani!”

“Ilula si Ulaya. Tuma mtu.”

Alipotoka alinisalimu vizuri, akainama kutazama karatasi yangu, akapitisha kidole juu ya vitundu. “Una subira, mwanangu,” akasema. Niliitikia kwa meno. Niliona ananicheka moyoni. Na yale maswali yake niliyaona ni mapambo ya kazi tu, ya kumfanya mtu aonekane fundi kuliko alivyo.

Alipotoweka machoni niliingia ndani na karatasi mkononi. Nilikuwa na pongo, mnyama niliyemwona kwa macho yangu pembeni mwa msitu wakati lori letu lilipoharibika. Nilikuwa nimemtoboa na pembe zake, miguu yake myembamba, na madoa meupe ubavuni, doa kwa doa.

“Leo hii hii nakuchorea, mama. Zote nne.”

“Na mwiko je?”

“Foronya haiingii chunguni. Nani atamla mnyama wa uzi?”

Binti akacheka kwanza, kisha mama yake. Nikasaga bluu kabla hawajamaliza kucheka.

Binti alidarizi kila siku, mwili kwa uzi wa kahawia, madoa kwa mweupe, hadi ncha za vidole zikawa ngumu. Mimi nilipita mlangoni bila sababu ili nitazame. Nikikutana na mjane kisimani nilimwamkia kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeshiba.

Siku ya kuonyesha vyombo ikafika. Mjane naye alikuwepo, amekaa mwisho wa mkeka kama jirani wa kawaida, nami nimesimama mlangoni kungojea sifa zangu. Mashuka yakasifiwa. Vikombe vikasifiwa. Ikatandazwa foronya ya kwanza, na shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa akipiga vigelegele tangu uani, akaacha na kuiinamia.

“Huyu ni nani?” akauliza.

“Pongo, mkwe,” mama mwenye nyumba akajibu.

“Pongo namjua. Ndiye tusiyemla sisi, tangu babu wa babu. Hata ngozi yake hatuilalii. Sasa mtoto wetu kichwa chake atakiweka wapi?”

Bibi harusi alificha vidole vyake ndani ya khanga na machozi yakamtoka. Nilimtazama mjane. Nilijua atasema, “Niliwaambia.” Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kwa neno hilo.

Hakulisema. Aliomba wembe, akaivuta foronya magotini, akaigeuza kumwonyesha shangazi.

“Yule ndege kanga, mkwe, mnamla?”

“Kanga? Manyoya yangelika tungeyala nayo!”

Wanawake wakaangua kicheko. Mjane akakata nyuzi za pembe, za kichwa, za miguu minne. Ukabaki ule mwili wa mviringo wenye madoa. Akachukua sabuni yake, akachora shingo fupi, kichwa kidogo, miguu miwili na mkia ulioinama, kwa pumzi moja. Ndege kanga akawa amesimama pale, ndani ya pongo wangu.

“Kanga gani wa kahawia?” nikasema kwa sauti, nisiweze kujizuia.

“Huyu ameoga vumbi la Ilula, baba,” akajibu bila kuinua macho.

Walicheka hadi shangazi akafuta macho kwa ncha ya khanga. Akazifanya vivyo hivyo na zile tatu, zote zikagawiwa, kila mwenye sindano akashika kazi, na kabla jua halijateremka ndege wanne walikuwa wamekamilika. Mjane akaweka kidole juu ya ubavu wa mmoja. “Haya madoa ni ya kijana,” akawaambia. “Mimi nisingeyapanga hivi.”

Lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililonichoma kuliko yote. Kesho yake wanawake walimwendea kutaka kanga wa kahawia. Yeye akawatuma kwangu, ati mwenye karatasi ni mimi. Walinikuta nimekwisha kumtoboa ndege wake kwenye karatasi na kufunga mzigo. Sikumuaga.

Mbeya, kule Mwanjelwa, kanga yule alinilisha miaka. Na kila mama aliyeniletea kitambaa nilimuuliza kwanza: kwenu mwiko nini, na huko binti anakokwenda je? Walipenda sana kuulizwa hivyo. Mmoja aliwahi kuniuliza, “Fundi, nani alikufundisha adabu hii?”

“Hakuna,” nikasema. “Nimejifunza mwenyewe, njiani.”

Kisha nikainama kusaga bluu, asinione uso.