Jumatatu Naulizwa Kama Mume Wangu Anafaa Kuachiwa Mgonjwa

Admin, nifiche vizuri, maana Sumbawanga ni ndogo na mama mkwe wangu ana wajukuu wenye simu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, Mfipa wa hapahapa, nimeolewa na Msukuma, tuna binti mmoja wa miaka minane na tunaishi Chanji. Ni daktari, sasa hivi nasomea ubingwa wa watoto. Mume wangu alikuwa tabibu kwenye zahanati ya mtu binafsi pale Majengo. Nilipokuwa Dar namalizia udaktari, yeye ndiye aliyebaki na mtoto aliyeachishwa ziwa juzi tu. Alimlisha, akambeba mgongoni, akajifunza hadi kumsuka nywele, watu wakimcheka yeye anasuka. Nilipomaliza nikamwambia, baba, zamu yako sasa, nenda kasome na wewe uwe daktari. Jamani, ni mimi niliyemwambia!

Sasa chuo chake kimeleta wanafunzi hospitali ninayofanyia mafunzo, na kila kundi linawekwa chini ya mmoja wetu tunaosomea ubingwa. Kabla hawajafika, bingwa anayetusimamia alitukalisha mchana mzima akitufundisha kufundisha. Uliza kwanza, usimpe jibu. Ukiuliza, nyamaza umpe nafasi ya kufikiri. Sahihisha kosa, usimwaibishe mtu mbele ya mgonjwa. Nikaitikia weee kama nipo kanisani. Majina yalipotoka, mume wangu yuko kundi langu. Nikamfuata bingwa mbio. Akasema, "Mwingine nimtoe wapi? Mko wawili tu, na mwenzako yuko upasuaji. Hapa wodini hamna mume."

Hamna mume! Kwake labda.

Siku moja kwenye raundi tukafika kwa mama mmoja wa Milanzi, mtoto wake anakohoa. Mnajua baridi ya huku ikianza, yule mtoto alikuwa na sweta mbili na shali juu. Mume wangu akaweka stetoskopu juu ya sweta, akasikiliza kidogo, akasema kifua hakina shida. Ni mazoea ya zahanati, foleni ndefu na mama hataki mtoto avuliwe, basi unasikiliza hivyohivyo na dawa anapewa. Nikauliza kwa upole kama nilivyofundishwa, "Unadhani ulichosikia ni pumzi au ni nguo?" Nikanyamaza. Akajitundikia stetoskopu shingoni. Nikasema, "Naomba usikilize tena, sweta ikiwa imefunuliwa." Akanijibu, "Nimeshasikiliza, mama fulani." Akaniita kwa jina la mtoto wetu kama tupo jikoni! Wanafunzi wakacheka. Yule mama akatuangalia wote, akauliza, "Samahani, kati yenu daktari ni nani?"

Nikamfunua mtoto nikasikiliza mwenyewe. Ilikuwa nimonia. Tukamtibu, anaendelea vizuri.

Nyumbani mume wangu hakugusa chakula. Akasema, "Nimekulelea mtoto ukasome, leo unaniuliza maswali ya darasa la kwanza mbele ya vijana niliowazidi miaka kumi na tano?" Nikasema, baba, ni kazi. Akasema, "Kazi yako ni kunishusha." Kesho yake mama mkwe akapiga simu. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba. Hivi mwanangu umemfundisha au umemkomesha?" Simu ilipokatika nikalia jikoni peke yangu.

Sasa Jumatatu bingwa atatuuliza kuhusu kila mwanafunzi: huyu unaweza kumwachia mtoto mgonjwa, wewe ukaenda zako? Nikisema hapana, anarudia mafunzo yote ya wodi ya watoto, na wenzake wanamwacha. Wiki nzima ananibembeleza. "Sema ndiyo tu, mke wangu. Sweta nimeelewa." Nilitaka kuamini. Nilishaamua kabisa, nitasema ndiyo, mambo yaishe, nyumba yangu itulie.

Leo Jumapili asubuhi tunajiandaa kwenda misa, binti yetu akaanza kukohoa. Baba yake akasema, njoo nikusikilize. Akamkalisha mapajani, huku anamwambia utani wao, akaweka stetoskopu. Juu ya sweta. Sikufikiri, naapa sikufikiri. Mkono wangu ulienda wenyewe nikamnyang'anya stetoskopu, nikamfunua mwanangu nikaanza kusikiliza mwenyewe. Kifua kilikuwa kizima.

Nilipoinua kichwa mume wangu alikuwa ananiangalia. Hakufoka. Alimfunga mtoto vifungo vya sweta kimoja kimoja, akasema taratibu, "Basi kesho kamwambie hivyohivyo." Akatoka, na misa hakwenda.

Ndugu zangu, huyu ndiye aliyenilelea mtoto huyuhuyu nikiwa mbali, na sikuwahi hata siku moja kuwa na wasiwasi. Kesho saa mbili naulizwa kama naweza kumwachia mtoto wa mwenzangu. Msinitukane, nisaidieni tu: nikaseme nini kule, na nikirudi nyumbani nimwambie nini?