Muhuri wa Kiazi

Jumanne, wakati wa chai ya saa nne, mwalimu wetu wa Kiswahili aliniita kando ya jikoni akaniambia kwamba yule shosho, bibi mzee wa darasa la Jumamosi, niliyemnyima viza mara tatu amefariki. Alikuwa amekamua ng'ombe asubuhi, akaketi kwenye kigoda apumzike kidogo, basi, hakuinuka tena. Nilikuwa na kikombe mkono mmoja na mkate mkono wa pili, na kwa kuwa kwenye safu hii tumekubaliana kusema ukweli, nitasema: nilimaliza ule mkate. Kisha nikaenda nyuma ya madarasa, nikakaa huko hadi kengele ikalia.

Ninyi mnaosoma ubao huu wa matangazo, wote kumi na wanne, pamoja na naibu wa mwalimu mkuu ambaye husoma akitafuta makosa, mnajua nilivyofika kwenye Darasa la Safari na Utamaduni. Niliigiza sauti ya naibu kwenye paredi, naye alikuwa amesimama nyuma yangu. Adhabu ikawa kwamba kila Jumamosi hadi muhula uishe, nisaidie darasa la wazee katika ukumbi wa kanisa hapa Kiirua. Wanafunzi wenyewe ni wakulima wa viazi na kabeji ambao watoto wao wameenda ng'ambo, nao wanajiandaa kuwatembelea, na mwalimu wao ni mstaafu wa jiografia. Wanajifunza kupanda ngazi za umeme kwa kupanda benchi, na kufunga mkanda wa ndege kwa kutumia mishipi ya suruali. Wanafundishwa pia desturi za watu. Siku moja mwalimu alieleza kwamba kuna nchi ambako watu hupitana njiani bila kusalimiana. Shosho akainua mkono. "Sasa mwalimu, wakinyamaza hivyo, watajuaje nani ni mgonjwa?" Mwalimu akasema hilo ni swali zuri, neno ambalo walimu hutumia wakikosa jibu.

Mimi, kwa sababu ya ile ile sauti ya naibu, nikafanywa afisa wa ubalozi wa kuigiza. Nilipewa meza, nikakaza tai ya shule, na nyumbani nikachonga muhuri kutoka kwa kiazi. Mzee akijibu maswali vizuri, nilichovya kiazi kwenye wino nikamgongea daftari lake. Jumamosi ya kwanza shosho aliketi mbele yangu, akanisalimia kwa Kimeru, "Muga, afisa," halafu akauchukua muhuri wangu akaugeuza geuza.

"Kijana, hiki ni kiazi cha mbegu. Kina macho matano. Umetuharibia mashina matano."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami sikuja pale kushindwa na mtu. "Mama, hapa maswali nauliza mimi. Unaenda kufanya nini?"

"Kuona mjukuu wangu. Ako na miaka minne na sijawahi kumshika."

"Na tutajuaje kama utarudi?"

"Si niko na ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Eeh. Nikikaa huko, nani atamkamua? Mtu mwingine akimkaribia, anapiga ndoo teke."

Karatasi ya majibu niliyopewa ilisema: nina familia, shamba na mali hapa nchini. Haikutaja ng'ombe. Nikatoa ile sauti ya naibu, "Viza imekataliwa! Anayefuata!" Watu walicheka hadi mzee mmoja akashika meno yake ya bandia yasidondoke. Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu, mwalimu alimwandikia jibu ubaoni; shosho akalisoma lote, kisha akatikisa kichwa. "Ni kweli niko na shamba. Lakini shamba haliulizi nimeenda wapi. Ng'ombe anauliza." Nikamkatalia tena, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

Mwalimu alikuwa ameniambia kwamba pasipoti anayo, imefungwa kwenye leso, na fomu za viza zimejazwa, ila amekataa kuzipeleka hadi apite kwangu kwanza. Nilidhani ni utani, kwamba amepata mtu wa kutaniana naye kama nilivyompata mimi. Jumamosi ya nne nilipanga kumpitisha, na hata nilichonga muhuri mpya kwa kiazi kisicho na macho. Lakini siku hiyo tulikuwa na mechi. Nikaenda kwenye mechi.

Binti yake alikuja mazishini kutoka ng'ambo na yule mjukuu. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula aliponijia. "Ni wewe afisa?" Nikatafuta njia ya kutorokea, sikuiona. "Mama alikuwa ananipigia kila Jumamosi. 'Amenikatalia tena, huyo mjinga.' Tulikuwa tunacheka hadi salio linaisha." Nikaanza kutabasamu. Akaendelea, "Nilimwambia apeleke tu hizo fomu. Akasema anaogopa. Lakini akipita kwako, hakuna ubalozi utamtisha." Hakusema kwa hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika. Wakati huo huo jirani aliyejitolea kumkamua ng'ombe akapita mbele yetu, suruali ikichuruzika maziwa, ndoo mkononi ikiwa tupu. Binti akacheka huku analia. Mimi nikajua kwamba jibu lilikuwa sahihi tangu Jumamosi ya kwanza.

Mwalimu wa wazee ananiambia nisijione mtu mkubwa, kwamba viza huchukua muda mrefu na wiki tatu zangu hazikuwa chochote. Huenda. Huenda pia ubalozi wenyewe ungemkatalia. Lakini sisi tunaokaa darasani kila siku tumezoea kwamba jibu sahihi ni lile lililo kwenye karatasi ya kusahihisha. Mtu akileta la kwake tunapiga mkasi, ile alama ya kosa, na akiwa mzee wa Kiswahili cha kuungaunga tunamcheka pia. Shosho alileta woga wake kwangu ili aufanyie mazoezi, nami nikautumia kuchekesha ukumbi.

Adhabu yangu imeisha, lakini Jumamosi iliyopita nilienda tena, jambo ambalo naibu hataki kuliamini. Na kwa kuwa yeye husema safu isiyo na funzo ni umbea, funzo ni hili: jibu la mtu likikuchekesha, kabla hujacheka, uliza kwanza kama ni la kweli. Yule mzee wa meno ya bandia aliketi mbele yangu. Nikamuuliza tutajuaje kama atarudi.

"Mbuzi wangu ana mimba."

Sikutazama karatasi. Nikamuuliza mbuzi atazaa lini, akaniambia. Nikamwambia basi asichelewe, nikagonga muhuri.