Majibu ya Uongo Niliyoacha Yaingie Kwenye Faili ya Mtoto

Kosa ni langu. Naanza hapo ili mtu asifike katikati akaanza kunitafutia visingizio. Mimi ndiye nilidanganya, na aliyeumia ni mtoto ambaye hata meno yote hajaota.

Mkitaka kunitukana, nitukaneni. Lakini someni mpaka mwisho, kwa sababu najua siko peke yangu.

Mtoto nitamwita Ayuma, ingawa si jina lake. Alipofikisha mwaka na miezi miwili, vidole vya mikono yake vilianza kufura. Vinafura, vinapoa, vinafura tena. Ukimshika analia. Nilimpeleka maabara moja hapa Kakamega mjini, bila kumwambia mtu. Majibu yakatumwa kwa simu yangu, PDF ya ukurasa mmoja. Selimundu. Ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao.

Daktari wa pale alinikalisha chini vizuri. Akaniambia mtoto huupata kwa wazazi wote wawili, si mmoja. Akanipa dawa mbili za kila siku. Akasema, "Mama, siku utaona amepauka na tumbo limefura upande wa kushoto, usingoje. Kimbia."

Nilisikia yote. Hakuna siku nitasema sikuambiwa.

Shida ni kwamba mimi ni wa Malinya na nimeolewa Kabras. Na mama mkwe wangu, tangu vile vidole vianze, alikuwa na wimbo mmoja tu. "Huku kwetu hatukuwanga na mambo ya damu mbaya. Wewe wa Malinya, uliza mama yako mlikuja na nini." Anasema mbele ya wageni! Anasema nikimpelekea chai! Mume wangu naye akisikia hivyo anaangalia simu yake.

Nilijua nikionyesha ile PDF katika ile nyumba, nitarudishwa kwetu. Hakuna mtu angesikiza habari ya wazazi wawili.

Basi nikaenda saiba, duka la kompyuta na kuchapa. Mwenyewe ni mzee wa miwani, kazi yake kubwa ni kuchapa programu za mazishi. Nikamwambia pale palipoandikwa mtoto ana ugonjwa, aandike hana. Nilidhani atanifukuza. Alicheka!

"Hii tu? Mimi kwenye picha huvalisha marehemu suti na tai ambazo hajawahi kuvaa maishani. Hii ni dakika mbili."

Ikawa dakika mbili kweli. Muhuri ule ule, sahihi ile ile, jina la mtoto lile lile. Nikamtumia mume wangu. Ile ya kweli nikaifuta.

Mume wangu alifurahi mpaka akachinja kuku. Mama mkwe akala paja, akafuta mdomo, akasema, "Si niliwaambia damu yetu ni safi?" Hata uongo wangu ulimpa ushindi yeye!

Dawa nilizificha kwenye kopo la majani chai. Moja nilisema ni vitamini, nikaendelea kumpa. Ile nyingine, ya asubuhi na jioni, ingeleta maswali. Nikaiacha. Ndiyo, niliiacha.

Kama ingeishia hapo, ungekuwa uongo wa nyumbani. Haikuishia hapo.

Ayuma alipofikisha mwaka na nusu tulimpeleka chanjo, mimi na baba yake, kwenye hospitali ya karibu na kwetu. Pale wameacha kadi na makaratasi, kila kitu ni kompyuta. Karani wa mapokezi akamfungulia mtoto faili, akauliza, "Mko na majibu yoyote ya zamani? Nitumieni tu PDF niweke hapa. Daktari akifungua anaiona mara moja."

"Tuko nayo!" mume wangu akasema, kama mtu ameitwa mbele kupewa zawadi.

Nilikuwa hapo. Mkono wangu ulikuwa kwenye kaunta, karibu na wake. Nilimwona akiitafuta kwenye simu. Nilimwona akiituma. Ningesema ngoja kidogo. Ningeangusha hata hiyo simu! Nikanyamaza. Karani akabonyeza, akasema, "Imeingia."

 Halafu nikajiambia, ni karatasi tu, nani huzisoma?

Wanazisoma, jamani. Wanazisoma na kuziamini.

Shangazi yangu alipofariki nilienda Malinya kumzika, nikamwacha Ayuma na nyanya yake. Siku ya pili, saa tano asubuhi, mama mkwe akapiga simu.

"Mama Ayuma, mtoto aliamka akiwa moto. Nimempeleka hospitali. Wamefungua kompyuta, wakaona damu yake haina shida, wakasema ni homa tu. Wametupa dawa, tumerudi."

"Sasa yuko aje?"

"Amelala tu. Uji amekataa. Tumbo limefura kidogo, lakini nimelisugua na mafuta."

 Nikamuuliza, limefura upande gani?

"Tumbo ni tumbo. Upande ni wa nini?"

"Mama, mrudishe hospitali. Saa hii!"

"Si ndiyo tumetoka huko? Ama siku hizi wewe ndiye daktari?"

Hapa ndipo Mungu ataniuliza. Ningesema tu ana selimundu, yule mama angekimbia. Kwa ubaya wake wote, anampenda huyo mtoto. Sikusema! Nililia, nikapiga kelele, nikamwambia nimeota vibaya. Mtoto anakufa, mimi nampa nyanya yake ndoto. Kwa sababu hata dakika hiyo niliogopa kurudishwa kwetu kuliko nilivyoogopa... Siwezi kuimaliza hiyo sentensi.

Alimrudisha, lakini kwanza alimaliza kupika. Nani hukimbilia ndoto?

Nilipofika hospitali nilimkuta Ayuma mapajani mwa nyanya yake, mbele ya daktari, mwanamke wa umri wangu. Midomo ya mtoto ilikuwa nyeupe. Hata kulia alikuwa hawezi. Daktari aliangalia mtoto, akaangalia skrini, akaangalia mtoto tena.

"Sielewi," akasema. "Amepauka hivi, na bandama imefura hivi, lakini hapa majibu yanasema hana selimundu."

"Daktari, hayo majibu ni ya uongo."

"Uongo wa nani?"

"Wangu. Anao. Mimi ndiye niliyabadilisha."

Hakunigombeza. Alimnyakua mtoto mikononi mwa nyanya yake akatoka naye mbio, akiitisha damu. Afadhali angenipiga kofi.

Damu ilikuwa imejaa kwenye bandama, mwilini haikubaki ya kutosha. Aliongezewa. Tulikaa tukiangalia matone yakishuka kwenye mpira, mimi upande huu wa kitanda, mama mkwe upande ule. Halafu akaongea bila kuniangalia.

"Wangu wa kwanza alifura tumbo hivi. Na wa tatu."

"Mama! Si ulisema huku kwenu hakuna?"

"Tuliambiwa wamerogwa. Kurogwa si ugonjwa."

Nilitaka kumrukia. Miezi yote hiyo ananiimbia damu safi, na amezika wawili! Lakini aliyebadilisha majibu si yeye.

Ayuma yuko hai. Sikurudishwa kwetu. Mume wangu alipimwa, naye pia anaubeba ugonjwa huo damuni bila kuugua, kama mimi. Lakini hata nikimwambia sukari imeisha, ananiuliza, "Ya kweli ama ya saiba?" Anauliza akicheka. Mimi sicheki.

Niliomba karani aitoe ile PDF. Nilimpigia magoti! Akaniambia, "Mama, kitu kikishaingia hapa hatukifuti. Tumeandika juu yake kwamba si sahihi, tumeweka majibu mapya, lakini ya zamani yatabaki." Kwa hivyo uongo wangu uko humo, na muhuri wake na sahihi yake. Naogopa daktari mchovu atafungua huo kwanza. Daktari amesema tumbo linaweza kufura tena, wakati wowote. Namshika tumbo kila asubuhi kabla hajaamka. Nikiingia hospitali, hata salamu sitoi. Nasema, kabla hujafungua faili, nisikize.

Wewe uliye na PDF yako ya kutengenezwa, ya mtoto, ya mimba, ya presha, sijui ya kumfurahisha nani, nenda useme leo. Huyo wa saiba hatakuwa hapo siku ikifunguliwa. Mama mkwe atakuwa anapika. Daktari atasoma ulichoandika wewe, na atamtibu mtoto ambaye hayupo.

Wakikufukuza, fukuzwa. Beba mtoto mgongoni uende naye kwenu, anapumua.